Misumari na Kidude cha Kuonyesha Namba

Siku ya kwanza Misumari alipofika kwenye banda la Mama Simu, aliulizia bei ya kitu asichokihitaji. Alichukua simu ya mezani ya kijivu, akaigeuza chini juu, akaitikisa sikioni kama anayekagua yai, halafu akauliza, "Hii unauza bei gani?" Mama Simu hakujisumbua kumjibu. Alikuwa ameuza simu kuukuu miaka mingi, na alijua kwamba mwanamume mzima mwenye aproni iliyojaa vumbi la sponji haachi kazi yake mchana kweupe kuja kutikisa simu.

"Sema unachotaka, kaka," alimwambia. "Hiyo umeshika ili mikono isikae bure."

Misumari aliangalia nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Nimesikia kuna kidude. Unakiweka pembeni ya simu, mtu akipiga, namba yake inatokea kwenye kioo."

"Kipo."

"Hata kama mwenyewe hataki itokee?"

"Hasa kama hataki." Mama Simu aliingiza mkono chini ya meza, akatoa kisanduku cheusi chenye ukubwa wa kipande cha sabuni. "Mkeo?"

"Nani kataja mke?"

"Kaka, mwenye kuibiwa ananunua kufuli. Mwenye kudaiwa ananunua simu yenye kengele ya kuzima. Hiki wananunua wenye wake."

Misumari hakucheka. Aliuliza bei, akatajiwa, akaruka kama aliyekanyaga moto. Kwa bei hiyo, alisema, angemshonea Mama Simu kochi la mtu mmoja na mto wa kuegemea juu yake.

"Basi kaa kwenye kochi lako," Mama Simu alijibu, "simu ikilia mkisie, wewe na kochi."

Misumari akatumia mbinu yake ya siku zote: akaondoka, taratibu, akiacha nafasi ya kuitwa. Hakuitwa. Alifika kwenye kona, akasimama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba, akarudi. Bei zao zilikutana katikati, karibu zaidi na upande wa Mama Simu. Kabla ya kupokea pesa, yule mama alimshika mkono.

"Sikiliza vizuri, usije ukaniita tapeli. Hapa nakuuzia mwili tu, roho iko kwa kampuni ya simu. Nenda ofisini kwao wakufungulie huduma, na kila mwezi wataiongeza kwenye bili yako. Bila hivyo, hiki ni saa tu."

"Saa?"

"Kinaonyesha saa. Tena vizuri."

Misumari alisikia kila neno, na akilini alishakata shauri. Kisanduku ni gharama ya mara moja. Kampuni ni mdomo mwingine mezani, unakula kila mwezi na hauongei. Na yeye alitaka nini? Alitaka mtu fulani aogope. Mtu haogopi bili iliyolipwa, anaogopa kisanduku anachokiona. Akakitia kwenye mfuko wa aproni, akaenda zake ameridhika.

Ndivyo alivyojijenga mtu huyu, kwa kulipia nusu ya kitu na kukitumia kama kizima. Alianza kwa kuokota vipande vya sponji nyuma ya karakana za watu, akavishona pamoja kuwa mito, akaiuza mlango kwa mlango. Baadaye akajifunza kuvisha makochi. Misumari midogo ya kupigilia kitambaa aliiweka mdomoni, akiitema mmoja mmoja kwa ulimi kuelekea kwenye nyundo, na ndiyo iliyompa jina. Aliweza kubishana bei na mteja mdomo ukiwa umejaa chuma, na wengi walikubali haraka kwa kuogopa kwamba angemeza.

Enzi hizo alikuwa na mwenzake waliyechangia paa moja, seremala aliyeitwa Vanishi kwa sababu hakuna ubao uliopita mikononi mwake bila kung'aa. Vanishi alichonga, Misumari akavisha. Siku moja msichana mmoja alileta stuli iliyokatika mguu, na Vanishi ndiye aliyemwona wa kwanza, ndiye aliyemtania wa kwanza. Lakini Misumari ndiye aliyeipeleka stuli ile nyumbani kwao bila malipo, akaenda tena kuulizia kama mguu umekaa, na tena, mpaka akaoa. Mpaka leo hakuwa na uhakika kama alishinda au aliachiwa.

Halafu Vanishi akataka wakodi duka lenye vioo ng'ambo ya barabara. Misumari akasema vioo havikaliwi na mtu. Wakagombana, wakaacha kusemeshana. Vanishi akavuka peke yake, na sasa kila asubuhi Misumari alipofungua karakana yake alikuwa anajitazama kwenye vioo vya mwenzake, mdogo, na nyundo mkononi.

Karakana haikuwa na simu. Simu ilikuwa nyumbani, hatua chache kutoka karakanani kwenye barabara hiyo hiyo, chumba cha mbele, juu ya meza ndogo aliyoivisha kitambaa cha bluu kwa mikono yake. Kwenye tundu la kuzungushia namba alifunga kufuli ndogo ya shaba. Ufunguo alikaa nao yeye. Simu za kuingia hazina gharama, ziingie. Za kutoka ni pesa, na pesa hutoka kwa ruhusa. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha, aliweza kupokea lakini hakuweza kupiga hata kwa mama yake mzazi.

Na jioni, kabla ya chakula, Misumari alifungua kufuli akapiga duka la Vanishi. Alibana pua akawa mzee mwenye mafua. Alilegeza sauti akawa mama wa makamo anayeoza binti. "Samahani mwanangu, kochi la watu watatu mnauza kiasi gani? Na mkipunguza?" Akishaambiwa, asubuhi yake aliandika kwenye kibao chake bei iliyo chini kidogo. Mkewe alisikia michezo hiyo kutoka jikoni, akaendelea kupika.

Sasa, miezi ya karibuni, simu ilikuwa inalia vibaya. Misumari alipokea, "Haloo?" Pumzi. Halafu kata. Akipokea mkewe, simu haikukatwa. Misumari, akiwa bafuni na sabuni machoni, alimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Ndiyo... Hapana, sita... Kesho."

"Nani huyo?" alitoka akauliza, maji yakimchuruzika.

"Wamekosea namba."

"Mtu aliyekosea namba unamwambia kesho?"

"Nimemwambia ajaribu kesho, labda atapatia."

Alisema hivyo uso mkavu, akaendelea kuchambua mboga. Misumari hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alianza kumkagua mkewe kama anavyokagua kitambaa, akitafuta mahali palipoachia. Aliona viatu vipya. Aliona anaimba kidogo kidogo akifagia, na yeye katika ndoa yao yote hakukumbuka kuwahi kumfanya aimbe. Alimwonea wivu muuza maziwa, akamwonea wivu msoma mita, akamwonea wivu daktari wa meno aliyemwambia mkewe afumbue mdomo. Sita nini? Watu sita? Siku sita? Usiku aliilaza ile sita kifuani kama jiwe.

Kwa hiyo kisanduku kikafika nyumbani. Alikichomeka kwenye waya wa simu, akakiweka mbele kabisa, pale ambapo mtu hawezi kupokea simu bila kukiona.

"Nini hiki, Baba Mapacha?"

"Hiki? Kila anayepiga hapa, namba yake inatokea, inabaki humo. Hata nikiwa kazini. Nikirudi naisoma."

Mama Mapacha aliinama akakitazama kwa makini. "Kizuri," alisema. "Na saa kinaonyesha."

Pumzi zile zikakoma. Jioni ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Wiki ikapita, simu ikilia ni shangazi tu anaulizia mapacha shuleni wanaendeleaje. Mtu mwingine angeshukuru. Misumari ndipo alipopagawa. Alikaa karakanani, misumari mdomoni, akipigilia kitambaa juu ya kitambaa alichokwisha kupigilia. Mtu wa nje ameachaje kupiga ghafla? Kisanduku kiko ndani ya nyumba yangu, barabarani hakionekani. Huyo mtu ameambiwa. Na aliyemwambia ni mmoja tu, naye hawezi kupiga simu kwa sababu ya kufuli. Basi wanaonana ana kwa ana!

Kile kisanduku alichokinunua ili kimpe usingizi kilikuwa kimempa ushahidi. Alitema misumari kiganjani, akaivua aproni, akaenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu kununua ile roho.

Foleni ilikuwa ndefu na wote waliosimama walikuwa na hasira zao. Zamu yake ilipofika alimkuta karani wa kike mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele.

"Nataka huduma ya kuonyesha namba. Leo."

"Taja namba yako, baba." Akaitaja. Karani akatikisa kichwa hata kabla hajamaliza. "Kwenu bado."

"Bado nini? Pesa ninayo."

"Si suala la pesa. Mtaa wenu uko kwenye mtambo wa zamani, hauna uwezo wa kutuma namba. Ukibadilishwa utalipa ada ya kufunguliwa, halafu ya kila mwezi."

"Utabadilishwa lini?"

"Ukibadilishwa tutawajulisha."

"Dada yangu, mimi ni mfanyabiashara. Nipe lugha ya biashara. Nikiongeza kidogo?"

"Hata uninunulie gari, mtambo hautajua." Karani alicheka, na watu wa nyuma wakacheka naye. "Ng'ambo ya barabara yenu wanao mtambo mpya tangu mwaka jana. Maduka yote ya upande ule yana huduma hii."

Upande ule! Hata kwenye hili? Barabara moja, lami moja, mvua inanyesha pande zote mbili, lakini Vanishi apewe kioo cha kuona watu na yeye apewe saa.

"Kwa hiyo wao wananiona mimi nikiwapigia?" aliuliza kwa dharau. "Si umesema mtambo wangu hautumi?"

Karani alitoa kalamu kichwani, akajikuna nayo. "Swali zuri. Kwa namba za mtaa wenu walipata tabu mwanzoni, mafundi wakaunganisha. Kutoka kwenu kwenda kwao inaonekana. Kutoka kwao kuja kwenu haionekani."

"Na mimi silipi chochote kwa kuonekana?"

"Anayelipa ni anayeona, baba. Anayeonekana ni bure."

Misumari aliondoka kwenye dirisha bila kuaga. Nje alisimama kwenye ngazi, na wale watu wote aliowahi kuwa wakampitia mbele ya macho: mzee mwenye mafua, mama mwenye binti, mchungaji wa ng'ombe aliyepata urithi, yule mgeni mwenye kigugumizi ambaye alikuwa amejivunia sana. Wote na namba moja.

Hakurudi karakanani. Alivuka barabara, kwa mara ya kwanza tangu waachane. Alitaka tu kuona kama kweli Vanishi ana hicho kioo. Lakini kabla ya kufika mlangoni alisimama mbele ya vioo vya duka, kwa sababu ya mito.

Ilikuwa sita, imepangwa juu ya kochi refu la kijani. Misumari aliitazama kona zake. Mtu wa kawaida akishona mto hugeuza kona ikatoka sikio, kama sikio la mbuzi. Hizi zilikuwa zimekunjwa kwa ndani mara mbili, na uzi mnene umefichwa kwenye pindo bila kuvimba. Katika mji wote waliojua kukunja hivyo ni wawili. Mmoja alikuwa amesimama nje ya kioo. Mwingine alifundishwa na Misumari mwenyewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, jioni, vichwa vyao vimekaribiana juu ya kitambaa kimoja.

Aliingia.

"Karibu, mzee mwenye mafua," Vanishi alisema bila kuinuka. Mbele yake ilikuwa simu nyeupe yenye kidirisha. "Au leo ni mama wa bibi harusi?"

"Mke wangu anafanya nini dukani kwako?"

"Mkeo hayupo dukani kwangu. Mito yake ipo. Keti, hilo kochi ni la maonyesho lakini wewe huna uzito."

Misumari hakuketi. "Wewe ndiye unayepiga kwangu unakata."

"Ningesema nini? Hatusemeshani." Vanishi alisogeza kiti. "Sikiliza, usinitolee macho. Ulianza wewe. Kila jioni namba ile ile, sauti mpya. Mimi sikuijua namba yako, enzi zetu hukuwa na simu. Nikasema mteja huyu ana hamu lakini anasitasita, ngoja nimrudishie simu mchana nimpe bei nzuri. Akapokea shemeji. Nikamwambia, mama, hapo kwenu kuna mzee mwenye mafua anatafuta kochi. Akaniuliza, na mama wa makamo naye amepiga? Nikasema naam. Akaniambia hapa simu ina kufuli, na ufunguo anao mume wangu."

"Halafu?"

"Halafu tukacheka."

Misumari alikuwa amejiandaa kwa mengi, hili hakujiandaa nalo. Angevumilia kusikia walizungumza. Angevumilia hata bei. "Mlicheka sana?"

"Kiasi," Vanishi alisema, na kwa jinsi alivyouangalia mlango ilijulikana kwamba walicheka sana. "Baadaye akaniuliza nani ananishonea mito. Nikasema sina mtu wa maana. Akasema yeye anaweza. Ndiyo habari yote, bwana. Hakuna nyingine. Kama ingekuwepo ningeinyamazia, lakini haipo."

Nyumbani alimkuta Mama Mapacha amekaa kwenye cherehani, bila kuficha kitu. Kitambaa cha kijani kilimfunika magoti. Alimtazama mumewe usoni, akajua ametoka wapi.

"Umevuka," alisema.

"Nimevuka. Kwa adui yangu, mama! Kati ya watu wote!"

"Nilikuja kwako kwanza. Nilisimama karakanani kwako nikakuomba nishone mito, ukaniambia wateja wakiona mwanamke watataka kupunguziwa. Umesahau?"

"Na kunicheka? Hilo nalo uliniomba kwanza?"

Mama Mapacha aliacha kukanyaga cherehani. "Hapo nimekosa kidogo," alikubali. "Lakini yule mchungaji wa ng'ombe, Baba Mapacha. Yule ungemcheka hata wewe."

"Na kisanduku? Ulimwambia asipige kwa sababu ulikiogopa."

"Kisanduku chako? Shangazi alipiga kesho yake mchana, ukiwa kazini. Nilikitazama nione namba yake, kikanionyesha saa. Nikajua kwamba hukulipia. Nilimwambia Vanishi asipige kwa sababu uso wako ulikuwa unakonda, nikaona bora nivuke mwenyewe."

Misumari aliketi kwenye stuli. Hasira ilikuwa imebaki lakini haikuwa na pa kushika. "Kuanzia leo utashona kwangu," alisema.

"Vanishi ananilipa kila mto. Wewe?"

"Mimi ni mume wako."

"Hiyo si bei."

"Mama Mapacha!"

"Nakuuliza kitu, na unijibu kweli. Unanionea wivu mimi, au unamwonea wivu yeye?"

Misumari alifikiri. Angeweza kudanganya, lakini alikuwa amechoka na sauti za kuigiza. "Wote wawili," alisema. "Yeye kwa duka. Wewe kwa kuwa huko mlicheka, na hapa mimi na wewe hatucheki."

Mkewe hakulia wala hakumkumbatia. Alimsogezea kipande cha kitambaa cha kijani na sindano. "Basi nishikie kona hii," alisema, "na uniambie bei yako."

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Misumari alitoa bei ya mke, akakataliwa. Akatoa bei ya fundi mwanafunzi, akakataliwa. Akatoa bei ya Vanishi, akaambiwa Vanishi alishafika hapo, apande. Akapanda. Kesho yake Vanishi naye akapanda, maana hakutaka kuachwa na mito yenye masikio ya mbuzi. Wanaume wawili ambao hawakusemeshana miaka yote wakawa wanapandishiana bei kupitia mdomo wa mwanamke mmoja, naye akiwapokelea wote kwa adabu. Kufuli ilitoka siku hiyo hiyo. Alisema hawezi kufanya biashara ya kupokea bila kupiga, na Misumari, aliyekuwa na mito kumi ya kusubiri, akatoa ufunguo.

Kabla mwaka haujaisha Mama Mapacha alikodi chumba ghorofani ng'ambo ya barabara, juu ya duka la dawa, si la Vanishi, hilo Misumari alilihakikisha mwenyewe kwa macho. Alivuta laini yake, akalipa ada ya kufunguliwa na ya kila mwezi bila kulalamika, akapata simu yenye kidirisha. Vanishi alipata mito mizuri lakini kwa bei iliyomla faida. Misumari alipata kazi ya mkewe, akiisubiri kwenye foleni kama mteja mwingine, na karakana yake ikajaa kwa sababu watu walisema makochi yake sasa yana mito yenye kona za Mama Mapacha.

Jioni yeye ndiye anayekuwa nyumbani kwanza. Anapasha chakula, anakaa kwenye meza ya bluu, anapiga. Kutoka dirishani analiona dirisha la mkewe, taa imewaka, kichwa chake kimeinama juu ya cherehani. Anamwona akiinua kichwa, akiangalia kidirisha cha simu, akijua ni nani, halafu akimalizia mshono wake mpaka mwisho kabla ya kunyoosha mkono.

Siku nyingine laini inakuwa na mtu. Misumari anarudisha mkono wa simu mahali pake, anasimama dirishani, anamwona mkewe na simu sikioni, akicheka, mabega yakimtikisika. Anayeongea naye hajulikani. Macho ya Misumari yanashuka haraka kwenye vioo vya duka la Vanishi. Vanishi yuko pale, anafuta vumbi kwenye meza, mikono yote miwili ina kitambaa, simu yake nyeupe imelala.

Si yeye, basi. Misumari anavuta pazia kidogo zaidi, anaanza kukisia nani mwingine.